Kazi ya Kumaliza Mbao Nayo ni Kazi



Hakuna fundi seremala wa Garissa asiyeyajua maneno haya: "Kitanda kiko tayari, kimebaki kupigwa vanishi tu." Twataka kulizungumza hilo neno "tu". Anayelisema, awe tajiri wa karakana au mteja, hudhani ya kuwa kazi ya fundi ni msumeno, randa na nyundo, na kwamba yanayofuata ni mapambo, kama hina kwa bibi arusi. Kwa sababu hiyo fundi hupewa jioni moja kufanya kazi ya siku tatu, na akiuliza malipo yake huambiwa yamo ndani ya bei ya kitanda. Tumeichambua bei hiyo na hatukuyaona. Kisha kitanda kikipasuka baada ya miezi miwili, au vanishi ikabanduka kama ganda la kitunguu, haitwi aliyeharakisha. Huitwa fundi, naye hurekebisha bure, na jina lake likaharibika sokoni.

Yafaa kwanza ifahamike hali ya mbao zenyewe zinapotufikia. Mbao nyingi tunazofanyia kazi hapa ni saipresi na paini za nyanda za juu, zinazopita Thika na Mwingi juu ya malori. Huko zilikokatwa kuna baridi na ukungu. Garissa iko kiasi cha mita 150 tu juu ya bahari, na mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35, na upepo wake ni mkavu. Ubao uliokatwa karibuni waweza kuwa na maji yenye uzito wa nusu ya ubao ule ule ukiwa mkavu, au zaidi. Ubao wa namna hiyo ukishushwa katika jua letu hunywewa maji yake na hewa, na ukipungukiwa na maji husinyaa. Hausinyai kwa urefu, au kidogo sana. Husinyaa kwa upana. Ubao wa sentimita 20 waweza kupungua nusu sentimita nzima, na ikiwa ulipigwa misumari pande zote mbili hauna pa kwenda ila kupasuka.

Jambo hili si geni, bali lilizidi mbao zilipokuwa haba. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na mbao nyingi zikawa zinatoka Tanzania. Marufuku hiyo ikatangazwa kuondolewa Julai 2023. Mbao zikiwa haba muuzaji hana haja ya kuzikausha, maana hununuliwa zikiwa bado zatoa maji. Fundi hana uwezo juu ya misitu, lakini anao uwezo wa kuziegemeza mbao kivulini, kuziwekea vijiti katikati ili hewa ipite, na kungoja. Kungoja huko ndiko kwa kwanza kusikolipwa.

Sasa tuje kwenye kuziba mbao. Mbao tupu, yaani isiyopakwa kitu, hunywa na kutapika maji kila siku, asubuhi na jioni, msimu wa mvua ya gu na msimu wa kiangazi. Sila na vanishi hazizuii jambo hilo kabisa, na anayemwambia mteja kwamba zazuia anamdanganya. Kazi yake ni kulipunguza kasi, ili ubao ubadilike polepole na kwa pamoja. Hapa pana kosa ambalo tumeliona katika karakana nyingi kuanzia hapa mjini mpaka Dadaab, nalo ni kupaka upande wa juu tu. Meza hung'aa juu kama kioo, na ukiinama ukatazama chini utaona mbao tupu kama ilivyotoka msumenoni. Ubao huo umezibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Upande wazi hukauka upesi, ule mwingine hukawia, na meza hujikunja kama chapati juu ya moto. Wateja husema mbao zilikuwa mbaya. Mbao hazikuwa mbaya, zilipakwa nusu.

Kadhalika vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata kukatiza nyuzi. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kwa nyuzi hizo, na mifereji yake bado imo. Kichwa cha ubao hunywa mara nyingi zaidi kuliko uso wake. Mkono mmoja wa sila hapo ni kama kumwaga maji mchangani. Yatakiwa miwili au mitatu, na ipigwe kabla ya kitu chochote kingine. Miguu ya madawati ndiyo inayoonyesha ukweli huu. Tumeona madawati ya shule yaliyopigwa vanishi mkono mmoja juu, na chini ya miguu hapana kitu. Sakafu ya darasa ikipigwa maji na kufagiwa kila asubuhi, mguu hunywa kutoka chini. Mwaka haujaisha na umekwisha kupasuka, na mtoto ameraruliwa nguo na kibanzi. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalitufundisha jambo hili kwa nguvu. Milango iliyokuwa imezibwa juu, chini na mbavuni ilivimba, lakini mingi ilirudi. Ile iliyopakwa uso tu ilibidi ikatwe kwa randa, na maji yalipokauka ikawa na mwanya wa kupitisha paka.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya viwandani Nairobi, na kwamba huku kwetu mbao ni mbao. Twawaomba waende kwa bibi mfugaji yeyote kati ya Garissa na Wajir wamtazame anavyotengeneza chombo cha maziwa. Hutia ndani yake vijinga vya miti anayoijua yeye, huvifunika na kuvitikisa, mpaka ndani ya chombo kuwe kweusi na kulaini. Kusudi lake ni maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha. Lakini mwenye macho ya useremala huona pia kwamba moshi, na mafuta ya maziwa yenyewe, vimeingia katika mbao na kuziba vitundu vyake. Tena hafanyi mara moja akamaliza. Hurudia maisha yote ya chombo. Na majirani zetu wa Lamu, waundao majahazi, hupaka ubavu wa chombo sifa, yaani mafuta ya papa, na chini kule kunakozama hupaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Hata neno letu la msasa tulilipata kwa mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi wa pwani walisugulia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Basi asituambie mtu kwamba kulainisha na kuziba mbao ni anasa ya wageni.

Tena si kila mbao ni ya kupigwa vanishi. Ubao wa chuoni ambao mtoto wa dugsi huandikia aya zake kwa wino wa makaa, kisha huuosha aandike tena, hulainishwa kwa kusuguliwa, basi. Ukiupiga vanishi wino utateleza. Mwiko na sahani ya kulia havitaki thina. Na wako ndugu wanaopaka mafuta ya simsim juu ya viti ili ving'ae mbele ya mteja. Ving'aavyo ni kweli, lakini mafuta hayo hayakauki sawasawa. Hubaki yakinata, na kwa vumbi letu kiti cheupe huwa chekundu kwa majuma mawili. Mafuta ya kitani ni tofauti, kwa sababu hushika hewa na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Ametuuliza mwanachama mmoja kuhusu gundi ya mgunga, ile inayokusanywa katika Wajir, Mandera na hapa Garissa na kuuzwa ng'ambo: je, haiwezi kuwa vanishi yetu wenyewe? Twasikitika kwamba haiwezi. Gundi hiyo huyeyuka katika maji, na meza iliyopakwa itang'aa mpaka siku ya kikombe cha kwanza cha chai kumwagika. Ile lakiri ya kung'arisha fanicha, itokayo India kwa wadudu, huyeyuka katika spiriti na wala si katika maji. Hapo ndipo penye tofauti.

Tueleze sasa kazi yenyewe kwa saa zake, ili asemaye "tu" aone anachokisema. Baada ya randa hupigwa msasa namba 80 au 100, kisha 120, kisha 180, na kwa mbao ngumu 220. Hauwezi kuruka. Mikwaruzo ya namba 80 haiondolewi na namba 220. Hufichwa tu, na sila ikiingia huonekana yote kama njia za ng'ombe jangwani. Msasa hufuata nyuzi wala haukatizi. Kabla ya namba ya mwisho, fundi hodari hupitisha kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi zilizolala zikasimama, akangoja zikauke, ndipo akazikata. Asipofanya hivyo, sila yenyewe itazisimamisha, na mkono ukipita juu yake utadhani umegusa kidevu cha mtu aliyenyolewa jana.

Ndipo huja sila. Huyu si vanishi, ni mlango wa vanishi. Huingia katika vitundu, hujaza, na akikauka husagika vizuri chini ya msasa mwembamba, namba 320, akatoka unga mweupe. Huo unga ukitoka sawasawa, uso umekuwa mmoja. Ukiona bado pana vidoto vinavyong'aa, hapo ni shimo, na mkono wa pili wa sila ni lazima. Fundi anayeruka sila akapiga vanishi mikono minne hupoteza mali ya tajiri na asipate laini ile. Baadaye huja vanishi yenyewe, mikono miwili au mitatu, na kati ya mkono na mkono msasa mwembamba na kitambaa safi. Vanishi ya mafuta hutaka usiku na mchana kati ya mikono. Ile ya thina hukauka kwa muda mfupi zaidi, lakini msiipige juu ya ile ya mafuta, kwani huichemsha ikakunjamana, na yote yatakwanguliwa.

Hali ya hewa yetu inataka akili yake. Saa sita mchana thina huruka kabla brashi haijarudi, na uso hubaki na mistari, au mapovu madogo yasiyopasuka. Mbao iliyokaa juani huwa ya moto, na hewa iliyomo vitunduni hutanuka ikasukuma vanishi itoke. Basi kazi hii ni ya alfajiri baada ya sala mpaka kiasi cha saa tatu, katika kivuli, sakafu ikiwa imenyunyizwa maji ili vumbi litulie, na mbao ziwe zimelala humo usiku kucha. Siku za mvua ni kinyume chake: vanishi ya thina ikipigwa hewa ikiwa na unyevu hugeuka ukungu mweupe. Na upepo ukianza kuvuma wa mchanga, acheni. Hakuna brashi iliyokwisha kumshinda mchanga wa Garissa. Jasho pia ni adui. Tone moja likianguka juu ya mbao iliyopigwa msasa huacha doa ambalo sila hulitangaza kwa kila mtu.

Tukizijumlisha saa hizi, kitanda kimoja kilichofanywa sawasawa hutaka siku tatu baada ya gundi kukauka, ingawa mkono wa fundi haukuwa juu yake saa zote hizo. Hapo ndipo penye ubishi wetu na matajiri. Husema, "Nikulipe kwa kungoja?" Twajibu kwamba fundi hangoji akiwa amelala, hupiga msasa kitu kingine, huchunga vumbi, hugeuza ubao. Lakini nafasi ya karakana ni ndogo, na wakati wa Ramadhani, kila mtu akitaka kitanda na makochi kabla ya Idd, ile inayokatwa kwanza siku zote ni siku ya sila. Huko nyuma wapo walioamriwa kupiga vanishi juu ya mbao iliyotoka tu katika randa, usiku, kwa taa, na mteja yuko mlangoni na mkokoteni. Fanicha hiyo ilirudi, nao wakakatwa mshahara. Hatuitaji karakana hiyo, maana wenyewe wanajijua.

Kuna hatari kubwa kuliko ya mshahara. Vumbi la mbao, lile laini la msasa, liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani katika kundi la kwanza la vitu ambavyo imethibitika kwamba huleta saratani kwa binadamu. Huanzia puani. Si jambo la mwezi mmoja, ni jambo la miaka, na kwa hiyo kijana hujiona mzima na kucheka barakoa. Thina nayo hutoa moshi usioonekana. Kichwa huuma, macho huzunguka, na fundi akidhani ni njaa au saumu. Moshi huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la chai lililo pembeni, nao moto ukarudi kwa njia ile ile. Mafuta ya kitani yana hila nyingine: tambara lililolowa mafuta hayo, likikunjwa na kutupwa pembeni, hujipasha moto lenyewe bila kiberiti mpaka likawaka. Katika joto letu na maranda yaliyojaa sakafuni, hilo si hadithi. Matambara yatandazwe nje moja moja yakauke, au yatiwe katika debe la maji lenye kifuniko.

Na wale wanaofanyia kazi mbao za mathenge wajihadhari zaidi na vumbi lake. Mti huu ulioletwa kuzuia jangwa ukawa wenyewe jangwa la miiba, mpaka wafugaji wa Baringo wakaishitaki serikali kwa ajili yake mwaka 2006 na kumpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani, mbao yake ni nzito, ya rangi nzuri, na haisinyai sana ikikauka. Upungufu wake ni kwamba vipande ni vifupi na vimepinda. Kwa kigoda na meza ndogo twaipenda, na kwa laini haishindwi na mbao nyingi za bei.

Kuhusu vifaa hapana haja ya kubembeleza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humpa mwenye kuajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kujikinga, tena bure. Barakoa isikatwe katika mshahara, na kitambaa cha shingoni si barakoa. Na kwa habari ya kulipwa, Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo wa 2007, kifungu cha 18, yasema kwamba mwenye kufanya kazi ya kipande ana haki ya kulipwa mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyokwisha kufanya, au kazi inapokwisha, lolote litanguliapo. Haisemi "mteja atakapokuja kuchukua". Kitanda kilichopigwa sila na kusimama kikikauka tarehe 30 kimekwisha kufanyiwa kazi kwa kadiri yake, na kadiri hiyo yahesabika.

Tunalolitaka kwa wenye karakana ni dogo. Katika karatasi ya bei anayopewa mteja, kazi ya kumaliza iandikwe mstari wake mwenyewe, mbali na mbao na mbali na kuunga: msasa, sila mikono mingapi, vanishi mikono mingapi, na siku za kukausha. Mteja akitaka kupunguziwa, apunguze akijua anapunguza nini, na iandikwe hapo kwamba ndiye aliyetaka. Fanicha ikirudi kwa sababu hiyo, itengenezwe kwa malipo mapya. Na upande wa chini uhesabiwe kama upande wa juu.

Bei yenyewe hatukuiandika katika toleo hili, maana bei ya Garissa mjini si ya Mandera, ambako debe la thina limekwisha kusafiri mbali sana. Twahitaji hesabu za kweli kutoka kila mahali kabla ya kukaa na matajiri. Kila fundi na aandike saa zake kwa majuma manne, tangu msasa wa kwanza mpaka mkono wa mwisho, pamoja na aina ya mbao na kitu alichokitengeneza, amletee katibu wa tawi lake. Asiyeweza kuandika amwambie mwenziwe amwandikie. Karatasi ikiwa na alama za vidole vya vanishi tutaipokea vivyo hivyo.